Siku Nilipokataa Kuchuchumaa

Kwenye gari letu kuna neno moja linalowaangusha watu wazima kama mtama uliokatwa: "Chini!"

Konda akilisema, mwenye suti anachuchumaa, mama mkwe anachuchumaa, mzee wa kanisa anachuchumaa. Kila aliyesimama anashuka mpaka kichwa kinakuwa chini ya dirisha. Hapo ujue gari linakaribia mahali barabara yetu ya Hombolo inapoingia kwenye barabara kuu, na askari wa usalama barabarani wamesimama pale na nguo zao nyeupe. Askari akitazama kutoka nje anawaona waliokaa tu, na gari linapita. Mbele kidogo konda anasema "juu", watu wanasimama, wanapangusa magoti na kucheka.

Tulilifanya hili tangu nianze kupanda magari, na hakuna aliyetushikia fimbo. Gari lilikuwa moja asubuhi, moja jioni. Likisimamishwa, tunachelewa sote. Kwa hiyo tulimficha dereva kama watoto wanavyomficha ndugu yao aliyevunja chungu.

Naitwa Hilda. Hapa kwetu wananiita Mama Penina. Baba yangu alikuwa na mbuzi wengi na watoto wa kiume wanne. Wale wanne walikwenda shule, mbuzi nikaachiwa mimi. Nilipoolewa, mume wangu alikwenda machimboni Penina akiwa na miaka sita na Joshua bado ananyonya. Alituma salamu mara mbili. Mara ya tatu salamu zilitoka kwa mke wake mwingine. Nikapanda mizabibu kwenye kipande cha shamba alichoniachia mama, karibu na bwawa, nikachimbia nguzo na kufunga nyaya kwa mikono hii. Zabibu zangu zilimsomesha Penina ushonaji, na Penina akapata chumba mjini, mtaa wa Makole, na cherehani yake. Kila Jumamosi ya mavuno nilimpelekea matenga mawili, tukauza pale mlangoni kwake.

Joshua ndiye aliyekuwa akinibebea. Alikuwa na miaka kumi na sita, mrefu kuliko milango yote ya nyumba yetu. Alikuwa na tabia ya kuimba akiwa anakata zabibu, na sauti yenyewe ilikuwa inavunjika, basi ndege walikuwa wakiruka wote. Nilikuwa nikimwambia, "Mwanangu, wewe ni bora kuliko sanamu la kufukuzia kwelea."

Jumamosi moja ya Agosti, sasa ni miaka mitatu, tulipanda gari na matenga yetu. Mimi nilipata kiti cha pili. Joshua alisimama karibu na mlango. Upande wa pili wa njia alikaa Mama Gerson, jirani yangu, tuliyeolewa naye mwaka mmoja na kupikiana uji wa uzazi. Magoti yake yalikuwa yanamgusa Joshua.

Silvano, yule konda, akapiga kelele, "Chini! Weupe hao! Tusaidiane jamani!"

Watu tisa waliokuwa wamesimama wakachuchumaa, Joshua akiwa mmoja wao. Tukapita salama. Daudi, dereva, akakanyaga mafuta ili afidie muda. Silvano hakusema "juu", maana alikuwa akigombana na mwanamke ambaye kuku wake alifunguka kamba akapanda begani kwa mchungaji. Tulikuwa tunacheka. Wale tisa walikuwa bado chini, hawana cha kushika, hawaioni barabara, tairi la mbele lilipopasuka.

Gari lilipinduka mara mbili. Sisi tuliokaa tulivunjika mikono na miguu. Waliokufa ni watatu, na wote watatu walikuwa wamechuchumaa. Mlango uling'oka, ukatoka na Joshua.

Mimi nilivunjika nyonga. Siku ya tatu hospitalini alikuja Yotham, mwenye gari, na chupa ya uji, pamoja na mtu mmoja mwenye faili nisiyemjua.

"Pole sana, mama," Yotham alisema. "Hii karatasi ni ya kuchukulia mwili wa kijana, azikwe. Weka dole hapa."

Nikaweka dole. Ningeweka dole kwenye kitu chochote siku ile.

Penina ndiye aliyeisoma ile karatasi, baada ya wiki sita, nilipokuwa nimeanza kutembea na gongo. Aliisoma, akairudia, kisha akaniangalia.

"Mama, hapa unasema Joshua alikuwa ananing'inia mlangoni. Unasema ulimkataza, akakutukana."

"Joshua hajawahi kunitukana."

"Imeandikwa. Na dole ni lako."

Ndipo nilipojua kwamba abiria wote walikuwa wamesema hivyohivyo. Yotham aliwakusanya kwenye kituo cha gari, akawaambia, "Nikifungiwa gari, mtatembea kwa miguu mpaka lami. Mwenye mgonjwa atambeba mgongoni." Wakakubaliana kwamba hakuna mtu aliyesimama ndani ya gari siku ile, kwamba mwendo ulikuwa wa kawaida, kwamba wawili walikaa vibaya na mmoja alikuwa mkaidi wa mlangoni. Kesi ikafa. Gari likanyooshwa, likapakwa rangi ya bluu, likarudi barabarani na Daudi yuleyule na Silvano yuleyule.

Ningeweza kulimeza hata hilo, kama nilivyomeza mengine. Lakini mwaka uliofuata, katika wiki ya usalama barabarani, mgeni mmoja alialikwa shuleni kwetu kuzungumza na watoto. Mtoto wa jirani alirudi akaniambia, bila ubaya, kama mtoto anavyosema, "Mama Penina, leo tumefundishwa tusiwe kama kaka Joshua." Mgeni alikuwa amewasimulia habari za kijana wa hapahapa aliyekataa kumsikiliza mama yake, akaning'inia mlangoni, akafa kwa utovu wa nidhamu.

Usiku na mchana nikawa nalisikia hilo. Mwanangu amekuwa somo la watoto wabaya.

Nikaenda kwa askari. Pale dawatini nilimkuta dada mmoja wa usalama barabarani, Nasra, umri wa Penina. Alinipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho. Nikamweleza yote: tulivyochuchumaa, Silvano alivyosahau kusema "juu", Daudi alivyokimbiza gari, ile karatasi ya hospitalini. Alikwenda kutafuta faili, akarudi nalo.

"Shida ni hii, mama. Kauli hii ni yako mwenyewe, na inapingana na unayoniambia leo. Nyingine zote zinaifuata. Niletee mtu mmoja aliyekuwemo. Mmoja tu, aliyemwona kijana ndani ya gari. Nitalifungua upya."

Mtu mmoja tu. Nikaona ni jambo dogo. Nilikuwa nimewapikia watu wale kwenye misiba yao.

Nilipita nyumba kumi na nne. Kwa mchungaji nikaambiwa tuombe. Kwa mwenye kuku nikaambiwa hakumbuki. Kwa Mama Gerson nilikwenda mara tatu. Mara ya tatu nilimkuta anapepeta uwele uani, na mumewe amelala kwenye mkeka, miguu imejaa maji kama viriba.

"Mbukwenyi," nikasalimu kwa lugha yetu.

Akaitikia, lakini hakuacha kupepeta. "Mama Penina, najua umekuja kwa lile."

"Joshua alikuwa miguuni pako."

"Marehemu harudi, shoga yangu. Huyu hapa ni mzima bado, na kila mwezi lazima aende kwa daktari mjini. Yotham akinikataa kwenye gari lake, nitampeleka na nini? Na ungo huu?"

"Sema tu ulichokiona."

"Sikuona kitu," akasema, na akaupuliza ule uwele hadi makapi yakanijia usoni.

Basi nikaamua kwamba kama hawataki kusema, waonekane. Niliacha kuchuchumaa.

Mara ya kwanza Silvano alipoita "chini", nilibaki nimesimama, nimeshika chuma cha juu. Watu wakanivuta kanga, wakanivuta mkono, mpaka nikakaa juu ya tenga la mtu. Mara ya pili walikuwa wamejiandaa. Wawili waliokaa dirishani waliinua makoti yao wakajifanya wanayavaa, wakanificha. Mara ya tatu Silvano alinizuia mlangoni kabisa.

"Mama Penina, gari limejaa."

"Mbona unaita watu?"

"Limejaa kwako wewe."

Abiria wakacheka. Nikatembea na gongo na tenga kichwani mpaka kijiji cha mbele, nikapanda pale kwenye vurugu za watu bila yeye kuniona.

Nilikuwa nimebakiwa na mwaka huo wa mavuno tu. Nyonga yangu ilikuwa inazidi kukaza, na daktari alishaniambia safari za barabara ya vumbi niziache. Nikisha kukaa nyumbani, nani atamtoa Joshua pale mlangoni?

Ijumaa moja, mwaka jana, gari lilichelewa kutoka na watu wakajazana, nami nikapanda bila Silvano kuniona. Mimi nilikuwa nimesimama katikati. Mbele yangu, kwenye kiti cha dirishani, alikaa Baba Gerson, anapumua kwa shida. Alikuwa na miadi ya daktari saa nne. Mama Gerson alisimama pembeni yake amemshika bega, maana kiti kilipatikana kimoja. Hatukusalimiana. Tulikuwa hatusalimiani tangu siku ya uwele.

Tulipoanza kuikaribia barabara kuu, Silvano aliniona. Akanipenyea mpaka sikioni.

"Mama yangu, leo kuna mgonjwa. Nakuomba kama mwanao. Usituletee mambo yako."

"Mwanangu wa kiume nilikuwa naye mmoja."

Akapandisha sauti. "Chini! Weupe hao! Wote chini, tusaidiane!"

Wakashuka. Nikasikia magoti yakigonga sakafu, mifuko ikisukumwa, mtoto akilia. Mama Gerson naye akachuchumaa, mkono wake ukibaki umeshika goti la mumewe. Nikabaki mimi peke yangu juu, nimeshika chuma kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza niliiona ile sehemu ya barabara jinsi ilivyo. Sikuwa nimewahi kuitazama vizuri; mara nyingi nimekuwa nikiipita nikitazama visigino vya watu.

"Kaa chini wewe!" mtu akanguruma kutoka magotini kwangu.

"Magoti yangu ni ya kanisani."

"Mvuteni kanga!"

"Ukiigusa kanga yangu nitapiga yowe," nikasema. "Na mnajua mapafu yangu."

Kijana mmoja chini ya kiti akacheka, mwingine akamzaba kofi anyamaze. Mkono ukanishika kifundo cha mguu mbovu, ukavuta. Maumivu yakanipanda mpaka kwenye meno. Sikuachia chuma. Kupitia kioo cha mbele nikamwona Nasra amesimama barabarani, anatazama kioo chetu, anatazama kichwa kimoja cha mwanamke kilichosimama kama kisiki katikati ya gari lisilo na mtu aliyesimama. Akainua mkono.

"Usisimame, kaka, pita!" Silvano akamnong'oneza Daudi.

Daudi akasita. Nikaona bega lake likiingia mbele, kama mtu anayetaka kukanyaga mafuta. Watu kumi na mmoja walikuwa sakafuni hawana cha kushika. Nikapiga yowe ambalo sijui lilitoka wapi, "Daudi, wako chini! Wako chini kama siku ile!"

Akakanyaga breki.

Nasra alizunguka gari polepole. Akafungua mlango wa pembeni. Wale kumi na mmoja wakamwangalia kutoka sakafuni kama kuku waliofumaniwa kwenye uwele wa watu.

"Shikamoo, afande," akasema mzee mmoja, mvi tupu, kutoka miguuni pa watu. Nasra ni sawa na mjukuu wake. Hata askari mwenzake aligeuka upande akaficha mdomo.

"Konda, una abiria wangapi?"

"Wa kwenye viti tu, afande. Hawa wamedondosha vitu."

"Wote kumi na mmoja wamedondosha?"

"Ni barabara, afande. Inarusha."

Nasra hakucheka. Akaamuru dereva azime gari na ampe leseni, na kila asiye na kiti ashuke. Litaondoka na waliokaa tu. Tukashuka, pamoja na mimi watu kumi na wawili, tukasimama juani pembeni ya barabara na mizigo yetu. Jua la saa tatu lilikuwa limeshaanza kuuma. Gari la jioni lilikuwa mbali kama Krismasi.

Hakuna aliyenigusa kwa sababu askari walikuwepo. Kwa maneno walinigusa kila mahali. Mmoja alikuwa anakwenda kwenye usaili wa kazi ya usafi huko chuoni Chimwaga. Mwingine anawahi maziko. "Mchawi." "Amezoea misiba, anatutafutia na sisi." Nilisimama nikiwa nimeegemea gongo. Sitasema kwamba nilijuta. Nilikuwa nawatazama mmoja mmoja, wangapi walikuwemo siku ile. Wanne walikuwemo.

Mama Gerson alikuwa wa mwisho kushuka. Alikuwa amejaribu kung'ang'ania mlango, mumewe akimwita kutoka dirishani kwa sauti isiyofika. Alipokanyaga chini alinijia moja kwa moja, kilemba kimemlegea.

"Umefurahi? Umefurahi sasa, Hilda?"

Miaka zaidi ya ishirini ameniita Mama Penina.

"Mpandishe mumeo, mimi simzuii," nikasema.

"Nani atamshika akianguka? Nani atamwelewesha daktari? Tangu mwanao afe unataka na sisi wote tufe!"

"Nataka mtu mmoja aseme kweli."

"Kweli!" Akageukia watu, mikono juu. "Anataka kweli! Haya, nitakupa kweli. Mtoto hakutaka kuinama! Alisema suruali yake mpya itachafuka, sakafu ina mavi ya kuku. Nani aliyemshika kichwa akamsukuma chini? Mimi? Magoti yangu yalikuwa palepale, nilikuona kwa macho yangu! 'Inama, baba, utatuchelewesha.' Si wewe? Si mkono wako huo? Ulimkandamiza kama mbuzi wa kuchinjwa, akachuchumaa, akafa! Halafu unapita nyumba kwa nyumba unatuita sisi waongo!"

Lori lilipita barabara kuu, likatupiga vumbi, na hakuna aliyefumba macho.

Nasra alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwetu, kitabu chake mkononi.

"Mama," akamwambia Mama Gerson taratibu, "umesema kijana alikuwa amechuchumaa ndani ya gari?"

Mama Gerson akaziba mdomo kwa ncha ya kanga. Hapo ndipo alipoyasikia maneno yake mwenyewe.

Silvano akaruka kutoka mlangoni. Alikuwa ameshamtoa kijana mmoja kwenye kiti jirani na mzee. "Mama Gerson, kiti chako hiki hapa. Panda. Mzee anakungoja. Hujasema kitu wewe, ni hasira tu, kila mtu anajua ni hasira."

"Nimekuuliza wewe, mama, si yeye," Nasra akasema.

Mama Gerson alitazama dirishani kwa mumewe. Akatazama ngazi ya gari. Watu wote wakamtazama yeye, halafu, mmoja baada ya mwingine, wakanitazama mimi.

Katika yote niliyomwambia Nasra dawatini, mkono wangu sikuutaja. Nilisema konda aliamuru. Nilisema watu walichuchumaa. Sikumwambia mtu yeyote, wala Penina, wala Mungu kwa sauti ya kusikika, kwamba mwanangu alikataa na mimi nikaweka kiganja kwenye utosi wake, pale nilipokuwa nikimpaka mafuta akiwa mchanga, nikasukuma. Nilifanya hivyo kwa ajili ya matenga mawili ya zabibu na saa ya kufika Makole. Na tairi lilipopasuka nilikuwa ninacheka, kwa sababu ya kuku.

Ningeweza kusema Mama Gerson ni mwongo. Kila mtu pale angefurahi kunisikia nikisema hivyo: Silvano, Daudi, hata Mama Gerson mwenyewe. Mkono wangu ungebaki safi, na Joshua angebaki akining'inia mlangoni hadi mwisho wa dunia.

"Anasema kweli," nikasema. Sauti yangu ilitoka ndogo, nikairudia. "Afande, andika. Mwanangu alikuwa ndani. Hakutaka kuinama. Nilimsukuma kichwa mimi mama yake. Konda alisema chini, mimi nikamsukuma, hatukuambiwa juu."

Mzee mwenye mvi akasema, "Ee Mungu wangu." Mwanamke aliyekuwa ananiita mchawi akageuka akatazama milima.

Mama Gerson alipanda gari. Hakunitazama. Alikaa kwenye kile kiti, akamfuta mumewe jasho, na Nasra akaliruhusu gari liende kwa ajili ya mgonjwa, leseni ya Daudi ikibaki mfukoni mwake.

"Jumatatu asubuhi njoo kwangu," Nasra akaniambia. "Lakini nikueleze ukweli, mama. Asipokuja na yule jirani yako niliyemwita, nitakuwa na karatasi mbili zako zinazopingana, basi."

Tulitembea na barabara kuu kutafuta gari jingine la mjini. Hakuna aliyenisaidia tenga, na hakuna aliyenitukana tena. Nadhani matusi yao yalikuwa yameonekana madogo.

Jioni ile Makole nilimweleza Penina. Alisimamisha cherehani, akabaki ameshika kitambaa.

"Kwa hiyo miaka yote hii," akasema, "nilipokuwa nalia kwamba wamemsingizia, wewe ulikuwa unajua mkono ni wa nani."

"Wamemsingizia kweli."

"Najua, mama. Najua." Akainuka akasonga ugali, akaniwekea. Yeye hakula.

Jumatatu nilifika kabla ofisi haijafunguliwa. Nilikaa kwenye benchi la nje. Saa mbili ikapita, saa tatu ikapita. Nasra alitoka mara mbili kunitazama, akarudi ndani. Saa nne hivi nilianza kukusanya gongo langu. Ndipo nilipomwona Mama Gerson anavuka uwanja, amevaa gauni lake la kanisani, anatembea kama mtu aliyetumwa na asiyempenda.

Akakaa ncha ya pili ya benchi. Kati yetu wangeenea watu watatu.

"Sikuja kwa ajili yako," akasema.

"Najua."

"Yotham alituma mtu Jumamosi. Kasema nichague. Sasa Gerson itabidi aje kutoka Morogoro kumbeba baba yake kwa pikipiki ya kukodi." Akakunja ncha ya kanga, akaikunjua. "Gari lilipokuwa linapinduka mwanao alinishika goti. Hapa. Alinishika kwa nguvu, kucha zikaingia. Sikuwahi kumwambia mtu. Kila nikipiga magoti kusali nausikia mkono wake."

Nilitaka kumchukia kwa miaka ile miwili, na bado namchukia kidogo. Nilisogea, nikaacha nafasi ya mtu mmoja tu kati yetu. Yeye hakusogea.

Akaingia yeye kwanza. Alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka alikwenda zake bila kuaga, nikaitwa mimi.

Faili lilifunguliwa upya. Waliokuwemo siku ile walianza kukumbuka, mmoja baada ya mwingine, hata mwenye kuku. Daudi haendeshi tena njia yetu, Yotham ameuza gari, na miezi minne tulitembea kwa miguu mpaka lami kama alivyotuahidi. Katika miezi hiyo nilisalimiwa na watu watano. Sasa yamekuja magari mawili madogo, na Nasra huja kituoni Ijumaa kuhesabu watu kabla hawajaondoka. Asipokuja, bado wapo wanaochuchumaa. Nimewaona.

Shuleni nilikwenda mwenyewe na gongo langu. Mwalimu mkuu alinipa nafasi asubuhi watoto wakiwa mstarini, nikawaambia Joshua alikuwa wapi ndani ya gari, na ni nani aliyemsukuma. Mtoto mmoja aliuliza kama aliumia sana. Nikamwambia sijui.

Kisimani sasa wanawake wakiniona wananong'ona, "Yule ndiye aliyemuua mwanawe." Wananong'ona kwa sauti ya kunifikia, kama inavyofanywa kwetu. Ninachota maji yangu, najitwisha ndoo. Wamesema mengi juu yangu, na hili lina ukweli ndani yake kuliko mengine yote. Waseme hivyo mpaka wachoke. Hawasemi tena kwamba Joshua alinitukana.